Kumwambia mtoto "una akili sana" kila siku: tunamjenga au tunamtia woga?

#1 Daftari Jeusi
Wakuu, salaam. Naleta hoja, naomba tuijadili kwa ushahidi.

Mtoto anayeambiwa kila siku "una akili sana" anajengewa woga, siyo ujasiri. Naegemea majaribio ya Claudia Mueller na Carol Dweck yaliyochapishwa mwaka 1998. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo ya maumbo, na wote wakaambiwa wamefanya vizuri. Kundi moja likaongezewa neno: lazima una akili. Jingine: lazima umejitahidi. La tatu halikuongezewa kitu. Kisha wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Raundi ya tatu ugumu ulirudishwa ulivyokuwa mwanzo. Waliosifiwa akili walishuka chini ya pale walipoanzia, waliosifiwa juhudi wakapanda. Walipotakiwa waandike alama zao kwa ajili ya mtoto wa shule nyingine asiyewajua, asilimia 38 ya waliosifiwa akili walijiongezea alama. Kwa waliosifiwa juhudi ilikuwa asilimia 13.

Kama sentensi moja inafanya hivyo kwa muda mfupi namna ile, miaka kumi ya sentensi hiyo nyumbani inafanya nini?

#2 Msomaji Kimya
Napiga kambi hapa.

#3 Mtaka Ushahidi
Mleta mada, namba umezinukuu sawasawa, ila hitimisho limetangulia ushahidi.

Jaribio lile ni la muda mfupi, na aliyesema maneno yale ni mgeni. Mzazi anayesema "una akili" ni yuleyule anayekesha mtoto akiwa na homa. Neno lake linasikika pamoja na mengine elfu aliyokwisha kusema, na pamoja na yale aliyotenda.

Halafu mwaka 2019 Li na Bates walirudia majaribio ya namna hiyo kwa mamia ya watoto wa China, na kwa sehemu kubwa hawakuona athari iliyotangazwa. Mwaka huohuo David Yeager na wenzake walichapisha utafiti mkubwa Marekani, wanafunzi wapatao 12,000 katika shule 65. Walipewa somo fupi mtandaoni, halifiki hata saa moja, la kuwaonyesha kwamba uwezo unakuzwa. Waliokuwa na alama za chini walipanda kwa takriban 0.1 kwenye kipimo cha pointi nne. Ni kitu, lakini ni kidogo, na kilitegemea sana kama wenzao shuleni walikuwa wanaona kujaribu kazi ngumu ni jambo la kawaida.

#4 Mama Wawili
Kwa hiyo tukae kimya? Mtoto anakuletea daftari mbio mbio, macho yanang'aa, wewe unatafuta kwanza neno lililopimwa maabara? Asiyesifiwa kabisa naye anaharibika, hilo semeni pia.

#5 Chaki na Dasta
Mama Wawili, hakuna aliyesema usisifie. Kazi iko kwenye kuamua sifa unaielekeza wapi. Avraham Kluger na Angelo DeNisi mwaka 1996 walikusanya matokeo 607 kuhusu mrejesho. Kwa wastani unasaidia, lakini zaidi ya mara moja kwa kila tatu ulishusha ufanisi. Kadiri ulivyomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kazi iliyo mbele yake, ndivyo ulivyopoteza nguvu.

Chukua daftari la insha. Mtoto kaandika ukurasa mmoja na nusu, tahajia imevurugika, aya ni moja tangu juu mpaka chini. Wengi wetu tunazungushia kila kosa kwa wino mwekundu, chini tunaandika "Jitahidi". Mtoto anahesabu miduara, anafunga daftari.

Badala yake soma yote mara moja bila kalamu mkononi. Tafuta sentensi moja iliyofanya kazi yake, ipigie mstari, na pembeni andika imefanya nini: "Hapa nimeusikia mlango kabla hujasema nani ameingia." Sifa ya namna hiyo mtoto hawezi kuibishia, kwa sababu ushahidi uko kwenye karatasi na kauandika yeye. Kisha chagua aina moja tu ya kosa. Kama ni aya, weka alama mahali pawili ambapo aya mpya ingeanza, pa tatu mwachie apatafute. Halafu mpe nafasi ya kuiandika upya, na uisome tena ndani ya siku mbili tatu wakati bado anakumbuka alichotaka kusema. Asipopata nafasi ya kuandika upya, maoni yako yote ni mapambo.

Panapoharibika: unapoandika alama na maoni pamoja. Ruth Butler alilipima hili mwaka 1988. Waliopewa maoni peke yake walisonga mbele na wakabaki na hamu ya kazi. Waliopewa alama pamoja na maoni walifanana na waliopewa alama tupu. Jicho linakwenda kwenye namba, maneno hayasomwi. Kama shule inadai alama, rudisha daftari na maoni leo, alama itoke baada ya kuandika upya.

#6 Kocha Filimbi
Chaki umemaliza. Uwanjani ni vilevile. Frank Smoll na Ronald Smith waliandaa warsha ya saa chache kwa makocha wa besiboli ya watoto Marekani. Utafiti wao na Nancy Barnett wa 1992 ulifuatilia nani anarudi msimu unaofuata. Kwa makocha waliopitia warsha, walioacha mchezo ni asilimia 5. Kwa wengine ni asilimia 26. Na hilo halikutokana na timu kushinda mechi nyingi zaidi.

Wanachofundisha ni kitendo. Mchezaji kapoteza pasi: kwanza neno fupi la kumtuliza, kisha elekezo la kitu kimoja ("mguu wa kuegemea uweke sambamba na mpira, usiuache nyuma"), kisha neno la kumrudisha mchezoni. Kama anajua tayari alichokosea, elekezo liache, neno la kutia moyo linatosha. Usimpigie kelele mpira ukiwa mguuni kwake. Na usingoje goli ndipo usifie. Sifia kukimbia kurudi kukaba, maana hilo liko ndani ya uwezo wake kila dakika, na goli haliko.

#7 Nyota Njema
Mmesahau kubwa kuliko yote: matarajio. Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walipima watoto wa shule moja ya msingi huko Marekani, kisha wakawaambia walimu kwamba hawa na hawa watachanua mwaka huu. Majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu! Mwisho wa mwaka watoto wale wote wakawa wamepanda kuliko wenzao. Mwalimu aliamini, mtoto akafuata. Hayo mengine ni matawi tu.

#8 Mtaka Ushahidi
Nyota Njema, rekebisha hapo kwenye "wote". Matokeo yalichapishwa 1968. Waliotajwa kwa walimu ni karibu asilimia 20 ya wanafunzi, na ongezeko la wazi lilionekana darasa la kwanza na la pili. Madarasa ya juu hakukuwa na cha kushika. Robert Thorndike aliukosoa vikali mwaka huohuo kwa sababu kipimo cha akili kilichotumika kwa watoto wadogo kilikuwa dhaifu. Lee Jussim na Kent Harber walipopitia tafiti za miaka 35, mwaka 2005, walikuta nguvu ya matarajio ipo lakini kwa kawaida ni ndogo, na mara nyingi walimu wanatarajia kile ambacho mtoto tayari anakionyesha. Waliongeza kwamba kwa watoto wa makundi yanayodharauliwa huenda ikawa kubwa zaidi. Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini.

#9 Nyota Njema
Nimepokea, ahsante. Lakini hujanijibu kwa nini wale wadogo walipanda.

#10 Chaki na Dasta
Acha nijaribu kujibu #9. Matarajio hayaruki hewani kutoka kichwa cha mwalimu kuingia kwa mtoto. Yanapita kwenye vitu vidogo, na kimoja kinapimika kwa saa: muda wa kusubiri jibu.

Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Baada ya kuuliza swali, mwalimu wa kawaida alisubiri kama sekunde moja tu, kisha akarudia swali, akajibu mwenyewe au akamrukia mwingine. Aliowaona hodari aliwasubiri zaidi. Walimu walipojifunza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, ukimya wa kushindwa ulipungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia.

Jinsi ya kufanya: uliza swali, hesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu ukitazama darasa zima, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wameshapumzika. Akijibu, subiri tatu nyingine kabla ya kusema lolote, mara nyingi ataongeza kitu bora kuliko cha mwanzo. Kinachoharibu hapa ni ile "vizuri sana!" ya haraka. Inamfunga mdomo aliyejibu, na inawafunga waliokuwa bado wanafikiri.

#11 Mzee wa Kona
Chaki unataka darasa liwe kimya kama maktaba. Kipindi ni dakika arobaini, muda huo unautoa wapi?

#12 Chaki na Dasta
Mzee wa Kona, maswali ishirini kwa sekunde sita kila moja ni dakika mbili. Dakika mbili unazipata ukiacha kurudia kila jibu la mwanafunzi kwa sauti yako.

#13 Mzee wa Kona
Haya, hiyo umenipata. Narudi na kubwa zaidi, nisubirini.

#14 Mnasihi
Nimesoma mpaka hapa, na naona mnapima sentensi wakati mtoto anapima mtu. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kabla ya kuzaliwa mpaka utu uzima. Karibu theluthi moja walianza maisha na mzigo mkubwa: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi au ulevi nyumbani, wazazi wenye maradhi ya akili. Katika hao wenye mzigo, mmoja kati ya watatu alikua mtu mzima mwenye uwezo na utu. Jambo lililojirudia ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapokea walivyo na asiyeyumba. Si lazima mzazi. Bibi, jirani, mwalimu, kiongozi wa dini.

Mtu mmoja anayebaki. Akisema "una akili" au "umejitahidi", mtoto anachosikia ni kwamba huyu kesho atakuwepo.

#15 Mtaka Ushahidi
Mnasihi, naheshimu sana kazi ya Werner, lakini ule ni ufuatiliaji, siyo jaribio. Jaribio lenyewe lilifanyika, na matokeo yake yanapaswa kumkosesha usingizi kila mwenye nia njema. Mwaka 1939, Cambridge na Somerville huko Massachusetts, Richard Clarke Cabot alianzisha mradi wa kuwapatia wavulana mtu wa kuwatembelea, kuwashauri, kuwasaidia masomo, kuwapeleka kambi za likizo. Wavulana walipangwa wawili wawili wanaofanana, sarafu ikaamua nani apate msaada. Mradi ulikwisha 1945. Joan McCord aliwatafuta baada ya miaka 30 na kuchapisha 1978, jozi 253. Waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi: ulevi zaidi, waliorudia makosa zaidi, waliokufa mapema zaidi. Na wengi wao walipoulizwa walisema mradi uliwasaidia!

Wema ulikuwepo, tena wa miaka kadhaa. Ulikwenda wapi?

#16 Fundi Mizani
Maelezo ya McCord na Thomas Dishion ya 1999 ni kambi. Madhara yalijikusanya kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Ukikusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, wanafundishana na kusifiana kwa makosa yao. Sifa ya rika kwa kijana wa miaka 13 ina nguvu kuliko ya mtu mzima aliyeajiriwa.

#17 Mnasihi
Ahsante Fundi. Mimi naongeza jingine: washauri wa mradi ule walibadilika badilika, wengine wakaondoka wakati wa vita. Mtoto aliyefunguka kwa mtu, mtu akaondoka, anajifunza kutofunguka.

Hili si la kubuni. Mwaka 1995 Joseph Tierney na Jean Grossman walichapisha utafiti wa mpango wa Big Brothers Big Sisters, vijana 959 wa miaka 10 mpaka 16, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18 waliopata mlezi wa kujitolea walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza dawa za kulevya. Grossman na Jean Rhodes walirudi kwenye takwimu hizohizo mwaka 2002 wakazigawa kwa muda. Waliodumu mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Waliovunja ndani ya miezi mitatu walijiona duni kuliko wasiopewa mtu kabisa.

Kwa anayetaka kumshika mkono kijana wa mtu, mambo ya kuzingatia ni haya. Ahidi mwaka mmoja au usianze. Wekeni siku na saa ileile, hata kama ni mara mbili tu kwa mwezi, kwa sababu kijana anaipima ratiba kabla ya kuyapima maneno. Ukishindwa kufika, mwambie kabla ya saa ile, usimwambie baada. Wiki za kwanza usiulize matatizo yake. Fanyeni kitu cha mikono mkiwa upande kwa upande: kufungua redio mbovu, kupaka rangi, kutembea. Vijana wengi huongea macho yakiwa kwenye kazi. Na kama ni lazima uondoke, sema mwezi mmoja kabla, taja tarehe ya mwisho, taja sababu, na mkutano wa mwisho ufanyike kweli. Wengi wanakwepa mkutano wa mwisho kwa sababu unauma. Kijana anabaki na maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo daima ni kwamba kosa ni lake.

#18 Msomaji Kimya
#17 nimeihifadhi. Ile ya tarehe ya mwisho sikuwahi kuiona imeandikwa mahali.

#19 Fundi Mizani
Nipingane kidogo na Mnasihi kuhusu Kauai. Werner mwenyewe alieleza kwamba waliofanikiwa, wengi wao walikuwa tangu uchanga ni watoto wachangamfu, rahisi kulea, wenye kuvuta watu. Basi huenda tumegeuza kichwa kuwa mkia. Mtoto mwenye tabia hiyo ndiye anayevuna wema, na tabia hiyohiyo ndiyo inayomfikisha. Wema tunauona njiani tukadhani ndio dereva.

#20 Mnasihi
Swali halali. Ndiyo maana kazi ya Bucharest ni muhimu. Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza mwaka 2000 na watoto 136 waliokuwa katika vituo vya kulelea watoto Romania. Bahati nasibu iliamua nani aende kwa familia ya malezi na nani aendelee na utaratibu uliokuwepo. Hapo haiba ya mtoto haikuchagua chochote. Waliokwenda kwa familia walipanda katika kipimo cha akili na katika uhusiano na mlezi, hasa waliopelekwa kabla ya kufikisha miaka miwili.

#21 Fundi Mizani
Naukubali utafiti. Lakini ule ni ukosefu wa mlezi kabisa. Hauniambii kama katika nyumba ya kawaida, yenye mzazi wa kawaida, sifa zaidi inaleta mtoto bora zaidi. Kati ya kukosa na kuzidisha pana uwanja mkubwa, na watoto wengi wanaishi humo.

#22 Tulizo
Samahani natoka nje kidogo. Kijana wa miaka 14 akisifiwa mbele ya watu ananuna, wakati mwingine anaharibu kazi makusudi. Shida nini?

#23 Kocha Filimbi
Umemweka jukwaani bila ruhusa yake. Umri huo wenzake ndio mahakama. Ukimsifia mbele yao, anaonekana kipenzi cha mwalimu, na atalipa baadaye. Mwambie pembeni, sentensi moja, ukiwa unapita, usisimame kungoja ashukuru.

#24 Mnasihi
Kocha yuko sahihi nusu. Nusu nyingine ni shaka. Kijana anajiuliza: ananisifia kwa sababu nimefanya vizuri, au kwa sababu ananionea huruma? Anayetoka kwenye kundi linalodharauliwa ana sababu nzuri ya kujiuliza hivyo.

Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao walichapisha mwaka 2014 jaribio la insha za wanafunzi wa darasa la saba. Walimu walisahihisha kama kawaida, kwa ukali wa kawaida. Watafiti wakabandika kikaratasi, na mwalimu hakujua nani kapata kipi. Nusu kiliwaambia tu kwamba haya ni maoni kuhusu insha yao. Nusu kiliwaambia wamepewa maoni hayo kwa sababu mwalimu anatarajia makubwa kutoka kwao na anajua wanaweza kuyafikia. Kwa wanafunzi Wamarekani weusi, walioamua kuandika upya walipanda kutoka asilimia 17 hadi 72.

#25 Mtaka Ushahidi
Nikumbushe tu: jaribio hilo la kwanza lilikuwa na wanafunzi 44. Asilimia zinapanda haraka watu wakiwa wachache.

#26 Mnasihi
Kweli. Na kikaratasi bila masahihisho makini chini yake ni maneno matupu. Viungo ni viwili, ukali wa kazi na imani kwa mtu. Ukiondoa kimoja kinachobaki ni ukatili au ubembelezaji.

#27 Nyota Njema
Je ile kanuni ya sifa tano kwa kila kemeo moja? Nilisoma imethibitishwa mashuleni.

#28 Mtaka Ushahidi
Tano kwa moja ilitoka kwenye utafiti wa John Gottman kuhusu wanandoa, ikahamishiwa darasani bila kupimwa. Paul Caldarella na wenzake walipoangalia madarasa 151 ya shule za msingi Marekani, matokeo ya 2020, hawakuona namba yoyote ambayo ukiivuka mambo yanafunguka. Kadiri sifa zilivyozidi makemeo ndivyo wanafunzi walivyotulia kwenye kazi, mfululizo tu. Mwalimu aliyeko kwenye sifa moja kwa makemeo matatu akifika sifa moja kwa kemeo moja, ameshafanya kazi ya maana.

#29 Mama Wawili
Na zawadi je? Stika, nyota, peremende.

#30 Kocha Filimbi
Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, 1973. Watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye nyota kabla ya kuchora, baada ya wiki moja au mbili walichora karibu nusu ya muda waliochora wenzao. Waliopewa cheti kilekile bila kuahidiwa hawakupungua. Tatizo ni ile "ukifanya hiki nitakupa kile" kwa jambo analolipenda tayari. Kwa jambo analolichukia na lazima lifanyike, kwa mfano dawa chungu, ahidi tu bila wasiwasi.

#31 Chaki na Dasta
Felix Warneken na Michael Tomasello waliona jambo lilelile mwaka 2008 kwa watoto wa miezi 20. Waliokuwa wakilipwa mchezo mdogo kwa kusaidia mtu aliyeangusha kitu walisaidia kidogo zaidi malipo yalipoondolewa. Waliosifiwa kwa mdomo tu hawakupungua.

Na Mama Wawili, kwa swali lako la #4, hapa ndipo panaponigusa zaidi. Eddie Brummelman na wenzake, 2014: watoto walinakili mchoro wa Van Gogh, kisha wakaletewa barua kutoka kwa mtu waliyeambiwa ni mchoraji hodari. Wengine mchoro wao uliitwa mzuri, wengine ukaitwa mzuri ajabu. Neno moja la kuzidisha. Watoto wanaojidharau waliopewa "ajabu" walichagua michoro rahisi iliyofuata. Wanaojiamini walichagua migumu. Na watu wazima humwagia "ajabu" hasa mtoto wanayemwona hajiamini. Tunampa dawa isiyomfaa kwa sababu tunamhurumia. Anayejidharau akisikia ajabu, anaona kimo ambacho kesho hatakifikia, basi anajificha mapema.

#32 Mzee wa Kona
Nimerudi kama nilivyoahidi. Wote mnaanza na moyo, mimi naanza na mkono. California mwaka 1986 iliunda kikosi kazi cha serikali cha kukuza kujithamini, mwanasiasa John Vasconcellos akiwa nyuma yake, wakiamini watu wakijithamini matatizo ya jamii yatapungua. Roy Baumeister na wenzake walipitia ushahidi mwaka 2003: kujithamini hakukuonekana kuinua ufaulu. Mara nyingi ufaulu ndio unaotangulia. Mfundishe mtoto kugawanya sehemu mpaka aiweze bila kuangalia. Akishaiweza, ujasiri atauokota mwenyewe. Ukimpa ujasiri kwanza, mtihani utamnyang'anya.

#33 Daftari Jeusi
Mzee wa Kona, lakini nani anakaa na sehemu mpaka aiweze kama hakuna anayemwamini? Kati ya zoezi la kwanza na la kumi, kabla uwezo haujaonekana, kinachomshikilia kitini ni nini?

#34 Mzee wa Kona
Zoezi lililopangwa vizuri. La kwanza alishinde, la pili lipande kidogo. Kumi hivyo. Mwalimu asiyepanga ngazi ndiye anayehitaji hotuba.

#35 Nyota Njema
Mnazungumza kana kwamba mtoto ni wa kupokea tu. Vancouver, matokeo ya 2012, Kristin Layous na wenzake: wanafunzi wa miaka 9 mpaka 11 walipewa kazi ya kufanya matendo matatu ya wema kwa wiki kwa wiki nne. Kundi jingine litembelee mahali patatu. Wote walifurahi zaidi, lakini waliotenda wema ndio walioongezeka zaidi kupendwa na wenzao darasani. Kwa mtoto aliyetengwa, huenda hilo linafika mbali kuliko pongezi zetu zote.

#36 Chaki na Dasta
Ukiifanya darasani, mtoto aandike alichofanya na kwa nani, mistari miwili, mwalimu asome peke yake. Usiibandike ukutani. Ikibandikwa inageuka mashindano, na wanaanza kumsaidia anayeonekana badala ya anayehitaji. Wiki ya pili wataandika "nimemsaidia rafiki yangu". Hapo waombe tendo moja kati ya matatu liwe kwa mtu ambaye hawajawahi kukaa naye.

#37 Mama Wawili
Nimejifunza mengi. La mwisho: ndugu wawili nyumbani, mmoja anapata A bila kusoma, mwingine anasoma mpaka usiku na kuambulia C. Nikisifia juhudi kama mleta mada anavyotaka, wa A nimwambie nini? Na wa C hatasikia kwamba juhudi ndiyo sifa ya asiyeweza?

#38 Daftari Jeusi
Swali zito. Wa A, namna iliyomfikisha hapo hakuitolea jasho, usimsifie kwa juhudi ambazo hazikuwepo, atajua unadanganya. Mwambie kazi hii ilikuwa nyepesi kwako, tutafute itakayokuchukua jioni nzima. Umpe kweli hiyo kazi.

#39 Mzee wa Kona
Na wa C usimsifie usiku, kaa naye uone anafanya nini huo usiku. Mara nyingi anasoma ukurasa uleule mara tano. Mfungie kitabu, mpe karatasi tupu, aandike anachokumbuka, kisha afungue aangalie alichoacha. Dakika ishirini hivyo, alale.

#40 Mnasihi
Nakubaliana na Mzee wa Kona kwa mara ya kwanza tangu uzi uanze. Ila akae naye kwanza bila kumsahihisha, jioni mbili tatu. Akianza kusahihisha siku ya kwanza, siku ya pili kijana atafunga mlango.

#41 Mzee wa Kona
Jioni tatu bila kusahihisha, na mtihani uko wiki ijayo? Hapo hatuko pamoja.